Palm yangu ya mwaka 2002 inakata roho: nihamie wapi, na nihame vipi?

Msomaji anaandika: "Ni mpima ardhi, nina miaka 66, na tangu mwaka 2002 natembea na Palm m515, kile kikompyuta cha mkononi cha kuandikia kwa kalamu. Ndani yake kuna majina mia tisa na kitu, miadi ya miaka yote hiyo, na maelezo ya kila kiwanja nilichowahi kupima. Sasa betri haifiki siku mbili, na kalamu nikigusa hapa, skrini inaitikia pale. Kompyuta yangu mpya haikitambui kitako chake, kile cha kuchajia na kukiunganisha na kompyuta. Vijana wananiambia ninunue simu yaishe. Rafiki ananisifia kikompyuta kimoja kinachokunjwa, chenye vitufe vya kuandikia. Ninunue nini, na nitahamishaje vitu vyangu bila kuvipoteza? Kuna pia programu ya hesabu za upimaji ambayo siwezi kuiacha."

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza mambo mawili ukatanguliza la kununua. Niruhusu niligeuze: kununua kunaweza kungoja hata mwaka mzima, kuhamisha hakuwezi kungoja Jumapili ijayo.

Sababu umeitaja mwenyewe, hiyo betri isiyofika siku mbili. Simu za leo huandika vitu vyako kwenye kumbukumbu isiyojali umeme upo au haupo. Ukiizima mwaka mzima kisha ukaiwasha, majina yako utayakuta. m515 haiko hivyo. Ina MB 16 za RAM, na kila ulichoandika tangu 2002 kinaishi humo, kikishikiliwa na umeme kidogo unaotoka kwenye betri hata kifaa kikiwa kimezimwa. Betri ikikauka kabisa, vinabaki vile tu kilivyotoka navyo kiwandani. Ndiyo maana sikushauri ukimbilie kwa fundi kubadilisha betri. Akiitoa ya zamani akachelewa kidogo kuweka mpya, viwanja vyako vyote vimekwenda.

Hili nililijua kwa kulilipia. Kifaa changu cha kwanza cha aina hii nilikiacha kwenye droo nikasafiri wiki sita. Niliporudi nikakichomeka, kikawaka vizuri tu, halafu kikaniletea alama ya msalaba kwenye kona ya skrini na kuniomba niiguse, ili kijifunze mkono wangu. Aliyewahi kumiliki kifaa hiki anajua salamu hiyo inamaanisha nini. Kilikuwa hakinijui. Hakikuwa na jina hata moja.

Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, kiweke kwenye chaji, na kikae hapo mpaka kazi iishe. Kikiganda, chukua pini, bonyeza ndani ya kile kitundu cha nyuma, basi. Hapo hakipotezi kitu. Ila usifanye hivyo huku umeshikilia kitufe cha kuwashia. Viwili hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyokifuta, na nimeona watu makini wakikosea hapo kwa sababu tu walikishika kifaa kwa mkono wote.

Kuhusu kalamu kugusa hapa na skrini kuitikia pale, usiikatie tamaa bado, maana utaihitaji kwa siku chache hizi. Mara nyingi ni uchafu. Chembe za vumbi na ngozi hujibana kwenye ufa mwembamba kati ya skrini na fremu, zikaibonyeza skrini mfululizo, na kifaa kikadhani kuna kidole pembeni. Chukua kadi ngumu isiyo na makunyanzi, ingiza ukingo wake kwenye ufa huo, uipitishe polepole pande zote nne. Utaona inavyotoka na mstari wa kijivu. Kisha fungua Prefs, chagua Digitizer, uguse misalaba upya kwa ncha ya kalamu, si kwa ukucha. Kwa mpima ardhi sina haja ya kueleza kwa nini alama ya kuanzia ikikaa vibaya kila kinachofuata kinapotoka.

Sasa kutoa vitu. Njia ziko kadhaa, na iliyo nzuri si ile watu wanayoijaribu kwanza.

Wengi hufikiria ile miale ya infraredi iliyo juu ya kifaa, kwa sababu zamani tulikuwa tukielekezeana Palm mbili na jina linaruka kutoka huku kwenda kule. Sahau. Simu nyingi za leo hazina infraredi, na zilizo nayo zimewekewa kwa ajili ya kuwasha televisheni: zinasema, hazisikii.

Kitako nacho, kompyuta yako mpya si mbovu. Palm haikuwahi kutoa draiva, yaani programu ya kuunganishia, ya USB ya Windows ya biti 64, na kompyuta zinazouzwa sasa ni za biti 64. Kama ile kompyuta uliyokuwa ukiitumia na Palm miaka ya mwanzo bado ipo stoo, hata kama ni nzito na inapiga kelele, iwashe kabla ya yote. Kila ulipobonyeza kitufe cha HotSync, kile cha kulinganisha Palm na kompyuta, programu ya Palm Desktop iliyo kwenye kompyuta ilikuwa ikiacha nakala kwenye folda yenye jina lako, ndani yake faili kama address.dat, datebook.dat na memopad.dat. Huenda nusu ya wasiwasi wako ukaishia hapo. Na kama mashine hiyo bado inakitambua kitako, bonyeza HotSync mara moja ya mwisho, kisha toa kila kitu kwa menyu ya Export, na utakuwa umemaliza mapema kuliko wengi.

Kama haipo, njia ninayoipenda ni kadi. m515 ina tundu la kadi ya SD juu, na wamiliki wengi hawajawahi kulitumia. Tafuta kadi ya zamani, SD ya kawaida isiyozidi GB 1, iliyofomatiwa kwa FAT16, ule mpangilio wa zamani wa faili. Kadi za SDHC, zile zenye nafasi kubwa, zilikuja miaka kadhaa baada ya kifaa chako kutengenezwa, kwa hiyo ukimpa kadi ya GB 32 ataitazama kama hajawahi kuona kitu. Kwenye kompyuta, tengeneza ndani ya kadi folda iitwayo PALM, na ndani ya hiyo nyingine iitwayo Launcher. Humo weka FileZ, programu ndogo ya bure ya kusimamia faili, yenye mwisho wa .prc. Uzuri wake ni kwamba kitu chochote kilichowekwa kwenye folda hiyo Palm inaweza kukiendesha moja kwa moja kutoka kwenye kadi, bila kitako, bila waya.

Ingiza kadi. Kwenye orodha ya programu litatokea kundi jipya lenye jina la kadi. Fungua FileZ, angalia orodha ya vilivyomo ndani ya kifaa. Ni ndefu na inatisha kidogo, lakini unavitafuta vinne tu: AddressDB, DatebookDB, ToDoDB na MemoDB. Viwekee alama, amuru vinakiliwe kwenye kadi. Haichukui dakika. Ukiwa humo humo, tafuta pia ile programu yako ya hesabu na faili zake, nazo uzinakili. Nitaeleza baadaye kwa nini. Toa kadi, ipeleke kwenye kompyuta, nakili faili hizo sehemu mbili tofauti. Hapo unaweza kushusha pumzi. Hata Palm ikifa usiku huo, imekufa peke yake.

Kuna kitu kimoja ambacho hakimo kwenye faili hizo nne, na kwa kazi yako nashuku unacho: michoro ya mkono ya Note Pad, vile vijistari vya mipaka na mshale wa kaskazini ulivyochora ukiwa umesimama shambani. Hiyo inakaa kwenye faili yake kama picha, na kuibadilisha ni usumbufu usiolingana na faida. Kama michoro ni thelathini au arobaini, keti mezani mchana mwanga ukiwa mzuri, ufungue mmoja mmoja na kuupiga picha kwa simu. Wataalamu wenzangu watanicheka. Wacheke, kazi itakuwa imekwisha kabla ya chai kupoa.

Faili hizo ulizonakili, zenye mwisho wa .pdb, simu haizielewi, kwa hiyo zinahitaji mkalimani. Mkalimani ninayemwamini ni J-Pilot, programu huria ya Linux iliyoandikwa mahsusi kwa Palm. Kijana yeyote mwenye Linux atakusaidia. Faili zako zikiwekwa kwenye folda ya J-Pilot, inazifungua kana kwamba Palm ndiyo imechomekwa, na kutoka hapo unatoa majina kama vCard, yaani .vcf, miadi kama iCalendar, yaani .ics, na maelezo kama maandishi ya kawaida, .txt. Fomati hizi tatu si mali ya kampuni yoyote. Simu ya aina yoyote inazisoma leo, na ukiichoka simu hiyo, inayofuata itazisoma pia. Mtu akikuuzia programu inayohamisha vitu vyako moja kwa moja hadi ndani ya programu yake bila kukuachia faili hizo mkononi, mshukuru na umwage.

Kuanzia hapa ndipo mambo yanapoharibika kimya kimya, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwanza zile kumbukumbu ulizoziwekea alama ya siri. Palm ikiwa imeambiwa izifiche, wakati wa kutoa zinaweza kuachwa nje bila onyo lolote. Hakikisha zinaonekana kwenye programu unayotolea kabla hujatoa kitu, kisha hesabu: majina mangapi kwenye Palm, mangapi kwenye faili. Na ujue jambo hili, ambalo pengine hukuambiwa miaka yote hii: siri ile ilikuwa pazia, si kufuli. Palm haikuyafumba maandishi yenyewe, iliweka tu alama ya kusema usionyeshe. Kwa maana hiyo faili ya .txt utakayoitoa itakuwa na namba zako zote za siri wazi mchana kweupe. Zihamishie kwenye programu ya kutunzia nywila, ya aina ya KeePass, kisha uzifute kwenye .txt na kwenye pipa la taka la kompyuta.

Makundi nayo. Palm ilikuruhusu makundi kumi na tano mbali na lile la Unfiled, na ninakuhisi uliyatumia yote: wateja, mafundi, ofisi, ndugu. Faili ya vCard ikifika kwenye simu, mara nyingi makundi hayo yanapuuzwa, na watu mia tisa wanamwagwa kwenye chombo kimoja. Toa kundi moja baada ya jingine, kila moja na faili yake, uingize moja, uipe simu jina la kundi, ndipo uingize linalofuata. Inachosha, lakini kupanga upya watu mia tisa kwa mkono kunachosha zaidi.

Kisha nafasi nne za chini kabisa kwenye kila jina, zile za Custom. Watu wa kazi yako huweka humo namba ya kiwanja au namba ya jalada. Simu hazina mahali pa kuzipokea, na nyingi huzidondosha njiani. Toa kwanza faili ya CSV, ifungue kwenye jedwali, uhamishe safu hizo nne ziingie kwenye safu ya maelezo, ndipo uipe simu. Ukiwa hapo kwenye jedwali, ongezea namba za simu msimbo wa nchi na alama ya kujumlisha mbele. Mwaka 2002 Palm ilikuwa daftari tu na namba fupi ilitosha. Leo namba hiyo ndiyo simu inayotumia kutambua nani anapiga.

Miadi ina tabia yake. Palm haikuwa ikiandika eneo la saa. Iliandika saa nne asubuhi, basi, saa nne ya wapi haikujali. Programu nyingine za kalenda zikikuta saa isiyo na eneo huichukulia kuwa ya Greenwich na kuisogeza ili ilingane na ulipo. Nilipohamisha ya kwangu, mikutano yote ya miaka tisa ilisogea saa tatu mbele kwa mpigo mmoja, na nisingegundua kama si kuona kwamba nilikuwa nikila chakula cha mchana saa kumi. Kabla ya kuingiza faili nzima, ingiza miadi mitano ya majaribio kwenye kalenda tupu uliyoitengeneza kwa ajili hiyo, uitazame. Ikikaa sawa, endelea. Ikisogea, futa kalenda hiyo yote na urekebishe eneo la saa wakati wa kuingiza. Ukiimwaga moja kwa moja kwenye kalenda unayotumia kila siku, kuichomoa tena ni kama kutenganisha mchele na chuya.

Yale yanayojirudia, kama siku za kuzaliwa, yakague kwa macho moja moja. Hasa kama uliwahi kuruka wiki moja katika jambo la kila wiki, ule mruko ndio hupotea. Na nikiwa kwenye kalenda, kuna jambo linalonifanya nisimshauri mtu kutafuta m515 nyingine iliyo nzima kama mbadala, ingawa zinapatikana mkononi. Palm ilihesabu miaka kuanzia 1904 na ikatenga biti saba tu kwa ajili ya mwaka. Biti saba ni miaka 128. Fanya hesabu: kalenda yake inaishia tarehe 31 Desemba 2031. Hata ukiitunza kama yai, ukuta uko pale mbele.

Maelezo ya viwanja ndiyo rahisi kuliko yote, maana ni maandishi. Ila programu ya Memo Pad haikukubali kipande kimoja kuzidi herufi 4,096, kwa hiyo viwanja vikubwa lazima uliviandika kwa vipande, moja, mbili, tatu. Viunganishe sasa ukiwa kwenye kompyuta yenye kibodi kubwa. Angalia pia herufi. Palm iliandika kwa fomati ya zamani ya Windows, simu inategemea UTF-8, na zikigongana, alama ya ritifaa iliyopinda hugeuka kijisanduku chenye alama ya kuuliza. Ukiona "ng" ikifuatiwa na kijisanduku kisha "ombe", faili imesomwa kwa fomati isiyo yake. Mwambie kijana aitoe tena kwa kutaja Windows-1252, ndiyo fomati hiyo ya zamani, kama chanzo. Usianze kusahihisha kwa mkono, utakesha.

Haya, sasa la kununua.

Inasimuliwa, na mwenyewe amelisema hadharani, kwamba Jeff Hawkins, mwanzilishi wa Palm, kabla ya kutengeneza Pilot, Palm ya kwanza iliyotoka mwaka 1996, alikata kipande cha mbao kinachoingia mfukoni, akawa anatembea nacho. Mtu akimwuliza kama ana nafasi Alhamisi, anatoa mbao yake na kujifanya anagusa. Alichokuwa akipima ni miguso mingapi ataivumilia kabla hajakasirika. Ndiyo maana kitufe cha kushoto cha Palm yako, hata ikiwa imezimwa, kinaifungua kwenye siku ya leo kwa kubonyeza mara moja. Hicho ndicho ulichokizoea miaka yote hii, na hicho ndicho utakachokikosa.

Kikompyuta cha rafiki yako kinachokunjwa nadhani ni Gemini ya Planet Computers, iliyotoka mwaka 2018, au mmoja wa wadogo zake. Ni kitu kizuri. Kibodi yake imetoka kwenye mikono ya Martin Riddiford, yule yule aliyesanifu Psion Series 5, kikompyuta cha mfukoni cha mwaka 1997, na kama ungekuwa umetoka kwenye Psion ningesita kukukataza. Lakini ilitoka na Android 7, na mfumo wa umri huo haufai kubeba siri za wateja. Zaidi ya hapo, wewe ni mtu wa kalamu. Umeandika ukiwa umesimama, kifaa mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Kibodi ya kukunjua inataka meza, au angalau gumba mbili zilizo huru.

Kuna watu watakaokuambia utafute kompyuta ya mfukoni isiyo simu, ili upate ule utulivu wa Palm. Nilikuwa mmoja wao. Kundi hilo karibu limekwisha. iPod touch, iliyokuwa kimbilio letu wengi, Apple iliifunga mwaka 2022. Kinachonivutia sasa ni Palma ya kampuni ya Onyx, ya mwaka 2023, isiyohusiana na Palm pamoja na jina hilo. Ina ukubwa wa simu, haina laini, na skrini yake ya inchi 6.13 ni ya wino wa kielektroniki, unaosomeka juani kama karatasi. Juani ndiko unakofanyia kazi, kwa hiyo nimeifikiria sana kwa ajili yako. Nimeiacha kwa sababu wino ule huburuta miguu ukiandika haraka, na kwa sababu utalazimika kubeba na simu pia. Mtu anayebeba vitu viwili, kimoja siku moja atakisahau gari.

Ushauri wangu ni simu, na katika simu, ile yenye kalamu inayokaa ndani ya mwili wake. Samsung wanazo, Galaxy S za Ultra kuanzia S22 ya mwaka 2022. Kilichonishawishi si kamera wala kasi. Ukiichomoa kalamu skrini ikiwa imezimwa, unaandika hapo hapo juu ya skrini nyeusi, huhitaji kufungua chochote, na ukiirudisha kalamu maandishi yanahifadhiwa. Ndicho kitu kilicho karibu zaidi na kitufe cha Palm nilichokiona tangu tuziweke kando. Si lazima iwe ya mwaka huu. Angalia tu kama bado inapokea masasisho ya usalama, na kwamba betri yake, ikiwa imetumika, haijachoka. Zile herufi za Graffiti, mwandiko maalumu wa Palm, A isiyo na mstari wa katikati na T inayofanana na tarakimu 7, zisahau taratibu. Simu inasoma mwandiko wa kawaida. Vidole vyako vitaendelea kuandika A ya Graffiti kwa miezi. Vyangu bado.

Simu ikifika, usiipe majina yako siku hiyo hiyo. Kwanza ifundishe adabu. Kwenye ukurasa wa mbele ondoa kila kitu, uache vinne chini: kalenda, majina, kazi za kufanya, maelezo, kwa mpangilio ule ule uliouzoea. Juu yake weka dirisha la kalenda linaloonyesha leo na kesho. Kisha nenda kwenye arifa, uzime zote isipokuwa simu zinazoingia, ujumbe, na kengele za kalenda. Zote, mzee wangu, hata zile zinazobembeleza. Palm haikuwahi kukuita ila kwa miadi uliyoiandika mwenyewe. Simu ikiachwa ilivyotoka dukani inakuita mara mia kwa siku kwa mambo ya watu wengine, na baada ya mwezi utakuwa umeichukia ukidhani ni ugumu wa teknolojia.

Mahali pa kutunzia, utaulizwa kama unataka vitu vyako vikae kwenye akaunti ya kampuni huko intanetini. Kwa kalenda na majina, sioni ubaya. Simu ikiibiwa unavirudisha kwenye nyingine kwa nusu saa. Kwa maelezo ya viwanja vya watu ningekuwa mgumu zaidi. Yaache kama faili za .txt kwenye folda, folda hiyo uinakili kwenye kompyuta yako kila mwisho wa wiki, kama ulivyokuwa ukikiweka kifaa kwenye kitako. Simu nayo iwekee nywila ya maana. Ukifanya hivyo, hifadhi yake inafumbwa kweli, si kwa pazia.

Jambo moja ambalo ninatofautiana na wenzangu: wanakuambia utumie vyote viwili kwa muda, mpaka uzoee. Usifanye hivyo. Nimeona kalenda mbili zikiachana ndani ya siku nne, na mtu asijue ipi inasema kweli. Chagua siku, tuseme Jumamosi. Ijumaa usiku nakili tena zile faili nne kutoka Palm, ingiza zilizoongezeka. Kuanzia Jumamosi asubuhi Palm ni ya kusoma tu. Ficha kalamu yake ikibidi.

Imebaki programu yako ya hesabu. Ndiyo maana nilikuomba uinakili pamoja na faili zake. Kuna CloudpilotEmu, programu inayoigiza Palm za kizazi chako ndani ya kivinjari, ikiwemo m515, na inafanya kazi kwenye simu. Inahitaji nakala ya ROM, yaani mfumo ulio ndani ya kifaa, na ya halali kwako ni ile itokayo kwenye Palm yako mwenyewe, kwa hiyo usiitupe Palm hiyo wala kuigawa kabla ya kuitoa ROM. Ukishaipakia, unafungua ile .prc na utaiona skrini yako ya nukta 160 kwa 160 imekaa katikati ya simu, na vitufe vinne vimechorwa chini yake. Hesabu zitatoka zile zile. Jaribu kwa kiwanja cha zamani ambacho majibu yake unayo kwenye karatasi, ulinganishe hadi tarakimu ya mwisho.

Isipokuwa kama programu hiyo ilisajiliwa kwa jina la HotSync. Watengenezaji wengi wa enzi zile walitoa namba ya usajili iliyokokotolewa kutokana na jina hilo, na ndani ya mwigo ukiandika jina tofauti hata kwa herufi moja, programu itajiona ni ya majaribio. Jina lako la HotSync liko kwenye kona ya juu ya kulia unapofungua programu ya HotSync kwenye Palm. Liandike kwenye karatasi leo, kama lilivyo, na nafasi zake. Halafu niandikie jina la hiyo programu na toleo lake, nikuambie kama nimewahi kuiona ikikubali kuhama.